Miguu Sita, Mikono Hakuna

Chai yangu imepoa tena. Naiona. Ipo jikoni juu ya stuli, kwenye kikombe cha bati cha bluu, na mvuke wake umeshakata tamaa umeondoka. Kutoka hapa barazani mpaka pale ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu, maana siku hizi nahesabu hatua kama mnunuzi wa dhahabu anavyohesabu pointi. Kwenda naweza. Kurudi naweza. Kurudi na chai ndiyo mtihani.

Hapa Kharumwa kila mtu ana toleo lake la habari ya mguu wangu, kwa hiyo acha nitoe la kweli, ambalo ni fupi. Mwaka jana nilipanda bodaboda kutoka mnadani, nimebanwa katikati ya dereva na kiroba cha mpunga. Mbele yetu akatokea mbuzi. Dereva akapima haraka nani ana thamani, akamkwepa mbuzi. Mbuzi yule mzima mpaka leo, juzi nimemwona anakula uzio wa jirani. Mimi mfupa wa paja ulivunjika mara mbili, nikatiwa chuma kirefu ndani, nikalala miezi mitatu nikisoma kila kilichokuwa na maandishi, hata karatasi ya maelekezo ya dawa ya kuoshea vyoo. Siku ya kuruhusiwa nikakabidhiwa kile kifaa cha miguu minne cha kujikongojea, wenyewe wanakiita woka. "Mwalimu," akaniambia kijana wa mazoezi ya viungo, "sasa utakwenda popote." Hakudanganya. Nakwenda popote. Ila kila ninapofika nafika mikono mitupu, kama mkwe asiyejua kwao.

Maana woka haitaki utani. Inataka mikono yote miwili, muda wote. Ukiachia mmoja ukakuna pua, inakugeukia. Aliyeibuni bila shaka alikuwa mtu wa akili nyingi na mikono mitatu.

Sisi Wasukuma kitu kikiwa na miguu minne na kinang'aa, jina lake tunalijua. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nayo uani, wajukuu walikuwa wameshaibatiza. Mpaka saa saba mtaa mzima unasema "ng'ombe wa Mwalimu". Mzee mmoja wa rika langu alikuja kunipa pole. Tulipomaliza "mwangaluka" akaizunguka woka mara mbili, akaigonga pembe kwa ukucha, akaniuliza imetoka kwenye mahari ya binti yupi. Nikamwambia huyu ng'ombe hana maziwa, hazai, na kubaya zaidi habebi. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Afadhali wangekupa punda."

Tena chai ni jambo dogo. Tuzungumzie kopo. Choo chetu kipo nyuma ya nyumba, ukipita mgomba wa pili. Mtu mwenye mikono anachukua kopo lake la maji, anakwenda, anarudi, hakuna kikao. Mimi lazima niite mjukuu, mjukuu aache mpira, ajaze kopo, anitangulie kama gari la kwanza kwenye msafara wa mkuu wa mkoa, aliweke mahali pake, kisha akirudi awape wenzake taarifa kwa sauti ya kutosha: "Babu anakwenda!" Akina mama walioko bombani wanajua. Fundi baiskeli ng'ambo ya barabara anajua. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, nimeagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na leo safari zangu za chooni zinatangazwa kama basi la Mwanza.

Ndiyo nikaanza kutafuta mfuko.

Zamani jibu lingekuwa rambo. Mmezisahau? Ule mfuko wa plastiki uliokuwa unapewa bure hata ukinunua sindano, ukifika nyumbani unakuwa kofia ya mvua, kifuniko cha ndoo, mpira wa watoto na mwisho chakula cha ng'ombe, wale ng'ombe halisi, ambao walikuwa wakizimeza na kufa. Zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mimi nilishangilia. Nilisimama mbele ya darasa nikasema mazingira ni uhai. Sikujua kwamba miaka michache mbele nitahitaji kitu chepesi kisicholowa cha kuning'iniza kwenye bomba la chuma. Tulichobaki nacho ni hii mifuko mbadala inayojifanya kitambaa. Nilifunga mmoja kwenye mshikio wa kulia, nikatia simu, miwani, redio ndogo na mahindi mawili ya kuchoma. Hatua ya tatu ukaanza kubembea. Hatua ya tano ukaligonga goti, lile goti la upande wenye chuma, nikaziona nyota za mchana. Hatua ya nane mkono wa mfuko ukakatika, na redio ikaangukia kwenye vumbi ikiwa inaendelea kutangaza bei ya pamba.

Mjukuu akaniletea shangazi kaja. Nia yake ilikuwa njema. Lakini shangazi kaja ni mfuko wa kuhamia, si mfuko wa kwendea chooni. Ukiufunga kwenye woka watu wanaanza kukuuliza umegombana na nani. Nilisoma kule kitandani kwamba Wanaijeria wanauita kwa jina la Waghana waliofukuzwa Nigeria mwaka 1983. Sisi tukauita kwa jina la shangazi. Kila taifa na anayelinyima usingizi.

Jaribio la tatu nililifanya kitaalamu. Nikafunga kikapu cha ukili mbele, katikati, kwenye bomba la juu, nikasema sasa mzigo hauegemei kulia wala kushoto. Ndani nikatia chupa mbili za maji na furushi la michembe. Mimi, mwalimu wa hesabu, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutojua nyenzo na egemeo! Woka inatembea kwa kuinuliwa kidogo na kusogezwa mbele. Ukiinua kitu ambacho uzito wake wote umekaa nje ya miguu ya mbele, kinapiga magoti. Ng'ombe akainama kama anayekunywa lamboni, na mimi nikamfuata taratibu, shavu kwenye michembe, mbele ya kwaya iliyokuwa inatoka mazoezini. Walinisaidia kuinuka. Sauti ya pili ilikuwa inacheka mpaka inapiga chafya.

Nikaenda kwa mzee mwenzangu wa nyuma ya soko, maana yeye yuko kwenye kiti mwendo miaka kumi na ushee na haya mambo ameyamaliza. Alikuwa mchimbaji mdogo. Siku moja matimba ya duara lao, yaani shimo lao la kuchimba, yaliachia, kifusi kikamwangukia mgongoni, na tangu hapo miguu yake, anasema mwenyewe, imestaafu bila kiinua mgongo. Ana ulimi mkali kuliko patasi, na mimi nampenda kwa hilo.

Nikamuuliza kama kiti chake kina mfuko. Akacheka. "Mfuko upo, Mwalimu. Upo mgongoni."

Na kweli. Nyuma ya egemeo la kiti chake pameshonwa mfuko mpana wa kitambaa cheusi. Kiti hicho aliletewa kwenye hafla yenye hema na kipaza sauti, na picha nyingi zilipigwa. Kila mtu aliyekuwepo angeweza kuutumia mfuko ule isipokuwa mmoja, aliyekalia kiti. "Mimi nina macho mbele na mikono mbele," akasema. "Mwanzoni nilikuwa naweka pesa humo. Nikienda gulioni narudi nimeshiba hewa. Kumbe vijana wakinisukuma kupanda kilima wanajilipa nauli wenyewe." Siku hizi humo ndani wajukuu wanaweka mawe, mke wake anaweka mwiko, na kuna siku alitembea mchana kutwa na mtoto wa paka bila kujua.

Akanieleza na habari ya kubinuka. Mtu akitundika mzigo mzito kwenye vishikio vya nyuma, kiti kinakuwa na hamu ya kwenda chali. Kwenye mwinuko kidogo tu, magurudumu ya mbele yanaelea, na wewe unaangalia mawingu. Yeye yalimkuta akiwa na debe la mahindi nyuma. Ubavuni napo si salama, kwa sababu mfuko ukining'inia chini unaingia kwenye spoku, na gurudumu likila mkanda linakula na kidole. Mahali penyewe, akasema, ni chini ya kiti, katikati ya magurudumu, karibu na ardhi. Akaniinamisha nione. Alikuwa ameshona kiroba kama machela, ncha nne zimefungwa kwenye mabomba manne, ndani kuna pampu ya baiskeli, sufuria, koti la mvua na kilo mbili za sukari. Kwa vitu vya haraka ana kibegi cha tumboni, zipu kwa mbele. "Mchimbaji hafundishwi mifuko," akaniambia. "Kule duarani mawe tunagawana kwa mifuko, deni tunalipa kwa mifuko, mtu akikosa mfuko wake watu wanashikana mashati."

Hapo nikaona nimpe zawadi ya yale niliyoyasoma kitandani. Nikamwambia hata kiti hiki cha kukunja chanzo chake ni mgodi: Herbert Everest, Mmarekani, mhandisi wa migodi, alivunjika mgongo kwenye ajali mgodini, yeye na rafiki yake Harry Jennings, fundi mitambo, mwaka 1933 wakatoka na kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika kiingie kwenye gari. Kabla ya hapo viti vingi vilikuwa mizigo ya mbao ya kukaa nayo nyumbani.

Mzee akanyamaza, akakipapasa kiti chake kwenye makutano ya yale mabomba yanayopishana chini. "Kwa hiyo ni mchimbaji mwenzangu," akasema. Halafu: "Na yeye mfuko aliuweka mgongoni?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kunisimulia habari za kijana wake wa kwenye malori, aliyefika Goma akarudi haamini macho yake. Pale kwenye lango dogo kati ya Goma na Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu wanavuka mpaka na baiskeli za miguu mitatu za kunyonga kwa mikono, ndefu kama mitumbwi, zimeshindiliwa magunia mpaka mwenyewe unamwona kofia tu, na vijana wazima wenye miguu yao miwili wameajiriwa kusukuma. Na kwenye kivuko cha Kinshasa na Brazzaville walemavu walikuwa wakipewa nafuu ya nauli na ushuru, basi kila mfanyabiashara akawa anatafuta urafiki na mwenye kiti. "Kule mlemavu ndiye mwenye lori," mzee akasema kwa wivu ambao hakuuficha. "Hapa nikipita wananipa shilingi mia tano na kunitakia mema. Mia tano nitaiweka wapi? Mgongoni?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa niaba ya watu wengi. Nina nakala ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nimeipitia. Matibabu imo, elimu imo, ajira imo, majengo yafikike imo. Mfuko haumo, na siwalaumu. Serikali ilishughulika na mfuko mara moja tu, na siku hiyo ikaufuta.

Jioni nikalalamika kwa mpwa wangu aliyeko Marekani, kule Minnesota, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Akacheka, akanitumia picha. Ndugu zangu, kumbe kuna maduka! Woka ya bibi mmoja wa Kizungu, imevalishwa mifuko ya maua ya waridi mbele na ubavuni: wa simu, wa miwani, wa kitabu, wa glasi ya maji yenye mfuniko, na mmoja mdogo wa peremende. Nikaangalia ile picha kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye ndoa. Chini, miguu miwili ya nyuma ya ile woka ilikuwa imechomekwa kwenye mipira ya tenisi. Nikadhani bibi ni mwanamichezo. Mpwa akaeleza kuwa wanaikata tundu na kuivalisha ili woka iteleze sakafuni bila kukwaruza. Mimi ya kwangu nilishaivalisha siku nyingi: zile kofia za mpira zilikwisha kwa changarawe wiki ya sita, fundi viatu akaichongea ng'ombe wangu makatambuga manne ya tairi la lori. Haitelezi hata kwenye tope la masika. Ukipita nayo, watoto wanafuata nyayo zake wakibishana ni mnyama gani.

Mpwa akataka kunitumia mifuko ile. Tukapiga hesabu ya kusafirisha. Gharama ya kuileta Kharumwa ilikuwa inanunua mbuzi mzima, na mbuzi sitaki kumsikia.

Kesho yake nikaenda kwa fundi cherehani aliyeko kwenye kibaraza cha duka la pembejeo. Kijana huyu nilimfundisha darasa la tano. Sehemu za kumi zilimshinda kabisa, lakini leo anakata suti kwa jicho.

"Shikamoo, Mwalimu. Suruali?"

"Marahaba. Nimemleta huyu," nikaonyesha woka. "Mshonee."

Hakucheka, na ndiyo maana nasema ni fundi. Alitoa futi kamba shingoni, akapiga goti moja, akaanza kumpima ng'ombe kama bwana harusi. "Kiuno inchi ishirini na mbili. Mguu wa mbele inchi thelathini. Mabega..." Akaandika kwa chaki mezani. Akauliza nabeba nini na nini, na kipi natoa mara nyingi, na kwa mkono upi. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo, hata pale nilipopewa kifaa chenyewe. Nikamtajia: simu, miwani, daftari la kliniki, redio, dawa, chumvi (akaniangalia), na kopo. Nikamwambia ya kubinuka na ya kubembea. Akatafuna penseli.

"Basi mzigo tuuweke ndani ya miguu minne, usiwe nje," akasema. "Na chini. Na tuufunge juu na chini usicheze."

Yule aliyeshindwa sehemu za kumi.

Akachomoa kwenye rundo la mitumba suruali ya jinzi iliyochanika matakoni, ya mtu mnene wa huko Ulaya. Akaikata miguu yote miwili. Pale kwenye mifuko hakugusa. Alihamisha mfuko mzima mzima na vile vishikizo vyake vya shaba pembeni. Nikamwambia vile vishikizo navyo vina baba yao, fundi cherehani kama yeye: Jacob Davis wa Nevada, alipoona mifuko ya suruali za vibarua inachanika kila siku, akapigilia vipande vya shaba kwenye pembe, na mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapata hati miliki. Na ule mfuko mdogo ndani ya mfuko, ambao kila mtu anajiuliza ni wa nini, ulikuwa wa saa ya mkononi isiyovaliwa mkononi, ile ya mnyororo. Fundi akauingiza kidole ule mfuko mdogo. "Wa dawa ya presha," akasema. Tukaendelea.

Kwa kufungia alikuwa na ule utepe unaonata wa kwenye viatu vya watoto, ukiuvuta unalia kraa. Nao una hadithi, na hii inaniuma. Mswisi mmoja, George de Mestral, mwaka 1941 alirudi kutoka matembezini porini yeye na mbwa wake wamejaa mbegu za kunata. Badala ya kuzikwangua akazitia kwenye hadubini, akaona vindoano, akafikiri, akatajirika. Sisi kishonanguo tumekipa jina kabisa. Kishona, nguo! Jina zima ni maelezo ya bidhaa. Tumetoka nacho malishoni kwenye kaptula vizazi kwa vizazi, tukaketi kwenye kizingiti tukikibandua kimoja kimoja na kutukana.

Ndani akaweka salfeti ya mbolea, isilowe. Mbele alikosa kitambaa cha kutosha, akachukua kipande cha kanga ya mke wangu iliyozeeka, ile sehemu ya maneno. Katika sentensi nzima likabaki neno moja tu, kubwa, jeusi: JIRANI. Akatoza elfu nane, na kopo akalishonea ala yake pembeni kama sime ya Mmasai, lenye mfuniko, limekaa wima.

Siku ile nilikwenda chooni kimya kimya. Peke yangu. Kopo ubavuni, kama mwanamume. Nilipita mbele ya wajukuu wanacheza mpira na hakuna aliyeinua kichwa. Fundi baiskeli ng'ambo ya barabara hajui mpaka leo. Nilikaa humo muda mrefu bila sababu yoyote ya msingi.

Raha ile ilidumu siku mbili na nusu.

Kwanza mama watoto. "Baba, unakwenda kwa mangi? Basi pitia viberiti, na sabuni, na ile nyanya iliyobaki mpelekee mama mchungaji." Kumbe nilipokuwa sibebi nilikuwa mgonjwa, sasa nimekuwa guta. Nikitoka barazani mikono ya watu inaingia kwenye mifuko yangu kabla sijafika getini. Jirani ananituma karanga. Kikundi cha vikoba wamegundua kwamba daftari lao likikaa kwangu linafika kila mahali. Wajukuu wameuteka mfuko wa kushoto: gololi, manati, na kinyonga mmoja ambaye tulikutana naye uso kwa uso nilipokuwa natafuta miwani. Nilipopiga kelele mama watoto akaniambia nisijifanye, kinyonga hana sumu.

Na lile neno la kanga! Kila ninayempita anasoma JIRANI na kuamini anasemwa yeye. Mama wa nyumba ya tatu aliacha kunisalimia wiki nzima. Akamtuma mtoto kuuliza jirani amefanya nini. Nikajibu kwamba sentensi ilikatwa na fundi. Akatuma tena: kwani mwanzoni ilisemaje? Nikamuuliza mama watoto, naye akakataa kusema, akatabasamu. Sasa hata mimi nataka kujua.

Mzee mwenzangu alikuja kukagua kazi, amesukumwa na mjukuu wake. Aliuvuta kila utepe, akachungulia kila shimo, akapima uzito kwa kiganja. Akaupitisha mfuko wa chini. Juu ya ule wa mbele akasema una kasoro moja.

"Ipi?"

"Unaufikia mwenyewe. Watu hawatauelewa." Akaniachia humo pakiti mbili za mbegu za mchicha nimpelekee dada yake.

Juzi nikaamua kugoma. Niliiacha woka jikoni usiku, mifuko wazi, nikalala. Asubuhi nikajivuta mpaka mlangoni kwa kushika ukuta, nikaona tetea mwekundu wa mama watoto anatoka ndani ya ule mfuko mkubwa wa katikati, anajikung'uta, anaondoka kwa madaha bila salamu. Nikapeleka mkono. Yai. La moto bado, limekaa juu ya daftari la vikoba.

Kesi ikaunguruma saa hiyo hiyo. Mama watoto akasema kuku ni wake. Mjukuu mkubwa akasema kuku yule alipewa yeye siku ya ubatizo. Mdogo akasema yeye ndiye anayempa pumba. Nikawasikiliza wote, nikiwa nimesimama katikati ya miguu yangu sita, kisha nikawauliza swali moja: limekutwa kwenye mfuko wa nani? Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali hakuna aliyesema mfuko ni wa wote.

Nililichemsha mwenyewe. Nikalitia kwenye mfuko mdogo wa saa, likakaa kama lilipimwa. Hatua kumi na mbili mpaka barazani, polepole, makatambuga yanasaga changarawe. Nikakaa, nikamega ganda kwenye pembe ya ng'ombe, nikanyoosha mkono kwenye mfuko wa kulia, chumvi ikawemo.

Chai ndiyo bado iko kule. Nimemwambia fundi.